Gari la umeme halichaji: jinsi ya kukagua tundu la kuchajia, na wakati wa kuacha kugusa

Magari ya umeme si habari ya mijini pekee tena. Magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa Nissan Leaf, hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na baadhi yake hufika mikoani kwa wafanyabiashara, watumishi na madereva wanaotaka kukwepa bei ya petroli. Kwa hiyo swali tunaloulizwa na wasikilizaji nalo limebadilika. Zamani lilikuwa, "Gari hilo linakwenda kilomita ngapi?" Sasa ni, "Nimechomeka usiku kucha, asubuhi gari halina chaji. Nifanye nini?"

Katika makala haya tunaeleza tundu la kuchajia linavyofanya kazi, mambo unayoweza kukagua mwenyewe bila kufungua kitu chochote, na dalili zinazokutaka uache mara moja na kumwita fundi. Mfano wetu mkubwa ni Nissan Leaf kwa sababu ndilo gari la umeme lililotumika ambalo wengi hukutana nalo kwanza, lakini mengi ya maelezo haya yanafaa kwa gari lolote la umeme.

Onyo la kwanza kabla hatujaendelea: betri kubwa ya gari la umeme ina volti nyingi. Ya Leaf ni takriban volti 360. Nyaya zake zimevikwa ganda la rangi ya machungwa. Ukiona waya wa rangi hiyo, usiuguse, usiukate, usiuchomoe.

Tundu la kuchajia linafanya nini

Chaja ya simu huanza kupitisha umeme mara unapoichomeka. Gari la umeme halifanyi hivyo. Plagi na gari huzungumza kwanza.

Ukiangalia tundu dogo la Leaf utaona pini tano. Mbili kubwa za juu hupitisha umeme. Moja ya chini katikati ni ya ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini ukivuja. Mbili ndogo za pembeni hazibebi umeme wa kuchaji; ni za mazungumzo. Moja hulieleza gari kwamba plagi imeingia na kufungwa sawasawa. Nyingine hulieleza gari kiasi cha juu cha umeme linachoruhusiwa kuvuta, na gari hujibu kwamba liko tayari. Mazungumzo hayo yakikamilika ndipo kisanduku kilicho kwenye kebo kinafungulia umeme.

Hii ndiyo sababu pini ndogo moja yenye matope inaweza kuzuia gari zima lisichaji, ingawa umeme upo na betri ni nzima. Pia ndiyo sababu ya usalama wake: plagi ikiwa mkononi mwako, haijaingia kwenye gari, pini zake hazina umeme wa kuchaji.

Aina za matundu

Si kila plagi inaingia kwenye kila gari. Leaf nyingi zilizotoka Japani zina matundu mawili chini ya kifuniko cha mbele, pale puani. Dogo linaitwa Taipu 1, nalo ni la kuchaji polepole nyumbani. Kubwa linaitwa CHAdeMO, nalo ni la kuchaji haraka kwenye kituo maalumu. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huwa na Taipu 2, ambayo ina pini saba, na mengi yana CCS2, ambayo ni Taipu 2 iliyoongezewa pini mbili nene chini yake. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China yana aina yake iitwayo GB/T.

Kabla ya kununua kebo, piga picha ya tundu la gari lako mchana, karibu na bila kivuli, umtumie muuzaji. Plagi isiyoingia kwa urahisi usiilazimishe. Pini ikipinda, umenunua tatizo jipya.

Anza na mambo haya saba

Gari likigoma kuchaji, usikimbilie kufungua. Fuata mpangilio huu, ukianza na yale yasiyogharimu kitu.

Kwanza, angalia kama gari limewekewa saa ya kuchaji. Leaf na magari mengine mengi yana taima inayoambia gari lisubiri hadi usiku ndipo lianze. Mwenye gari wa kwanza huko Japani huenda aliiweka, na maandishi ya skrini ni ya Kijapani, kwa hiyo wewe hujui. Kuna kitufe cha kuruka taima na kuchaji papo hapo. Mwombe anayejua lugha au fundi akuoneshe kilipo, kisha izime taima kabisa.

Pili, hakikisha gari limezimwa na liko kwenye gia ya kuegesha.

Tatu, chomoa plagi na uirudishe kwa kuisukuma moja kwa moja mpaka usikie mlio wa "tak". Plagi ya Taipu 1 ina kilimi cha juu kinachonasa. Kilimi hicho kikivunjika au kisipokaa, gari huamini kwamba unataka kuchomoa, na halianzi kuchaji.

Nne, kagua soketi ya ukutani. Taa ndogo ikiwaka kwenye soketi hiyo, umejua tu kwamba umeme upo. Hujajua kama soketi inaweza kubeba mzigo. Jaribu kwa birika la umeme au pasi, vitu vinavyovuta umeme karibu na kiasi kile cha gari. Soketi ikitoa cheche, harufu au mlio wa kukaangiza, tatizo liko ukutani, si kwenye gari.

Tano, soma taa za kisanduku cha kwenye kebo. Kwa kawaida kijani ni salama na nyekundu ni hitilafu, lakini kila mtengenezaji ana maana zake, nazo huandikwa nyuma ya kisanduku. Taa nyekundu inayowaka kabla hata hujachomeka upande wa gari inaelekeza kwenye umeme wa nyumba, mara nyingi ethi, au kwenye kisanduku chenyewe.

Sita, angalia betri ndogo ya volti 12. Wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri ndogo kama ya gari la petroli. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikifa, gari halichaji hata kama betri kubwa ni nzima kabisa. Taa za dashibodi zikififia au milango ikigoma kufunguka kwa rimoti, shuku betri ndogo kwanza. Hii ni ya bei nafuu kuliko yote yatakayofuata.

Saba, tazama mita ya LUKU. Kebo ya nyumbani ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban uniti 2.3 kwa saa. Andika uniti zilizobaki, subiri nusu saa, soma tena. Zikipungua kwa zaidi ya moja hivi, gari linachaji, na huenda dashibodi ndiyo inayokuchanganya. Zisipopungua kabisa, umeme haufiki.

Tafuta mkosaji kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja

Kuna watu wanne wanaoweza kuwa na kosa: soketi, kebo, tundu na gari lenyewe. Usibadilishe vyote kwa pamoja, hutajua nani aliyekuwa na kosa.

Peleka kebo yako kwa mwenye gari la aina yako. Ikichaji gari lake, kebo ni nzima. Leta kebo yake kwako. Ikikataa na gari lako wakati soketi ni nzuri, rudi kwenye tundu au gari. Na kama gari lako linakubali kituo cha haraka cha CHAdeMO lakini linakataa plagi ndogo ya nyumbani, hiyo ni habari njema kiasi: betri kubwa inapokea chaji. Tatizo liko upande wa polepole, yaani kebo, tundu dogo, au chaja iliyojengwa ndani ya gari.

Matokeo ya majaribio haya yaandike kwenye simu. Fundi akiyapata anaokoa saa nyingi, na wewe unaokoa fedha.

Vumbi, matope na wadudu

Barabara zetu ni za vumbi kiangazi na matope masika. Tundu la Leaf liko puani, hivyo kifuniko kikilegea au mpira wake ukichanika, uchafu unaingia. Na usisahau wadudu. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda vitundu vidogo vilivyotulia, na sisimizi nao hujipenyeza.

Kusafisha ni kazi unayoweza kufanya mwenyewe ukifuata utaratibu. Zima gari. Chomoa kebo pande zote mbili. Mulika kwa tochi ya simu na uangalie kila pini bila kuingiza kidole. Ukiona vumbi kavu, tumia brashi laini kavu ya plastiki au nyuzi, kama mswaki mpya, au upepo wa pampu ya mkono. Ukiona unyevu, acha kifuniko wazi kivulini penye upepo mpaka pakauke kabisa. Fanya hivyo hivyo kwenye plagi.

Usitumie sindano, waya, msumari wala bisibisi. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usipake mafuta ya kula, grisi wala dawa ya kulegeza kutu. Hushika vumbi na baadhi hula plastiki. Usioshe tundu kwa maji ya presha. Na uchafu uliogandamana, kama udongo wa nyigu ndani ya kitundu cha pini, mwachie fundi.

Je, mvua? Vifaa halali vya kuchajia vimetengenezwa kuvumilia mvua upande wa gari. Hatari iko upande wa nyumba: soketi ya kawaida na ncha ya kebo iliyolala kwenye dimbwi. Kisanduku kiinue kutoka chini, na soketi iwe mahali pakavu. Gari lililopita kwenye mafuriko hadi tundu likazama lisichajiwe mpaka likaguliwe.

Plagi imekwama, haitoki

Baadhi ya magari hufunga plagi kwa kitasa kidogo cha ndani ili isiibiwe. Likigoma kuachia, fungua milango yote kwa rimoti, kisha subiri kidogo. Jaribu kufunga na kufungua tena. Sukuma plagi ndani kidogo wakati wa kubonyeza kitufe cha kufungua, kwa sababu uzito wa kebo unaweza kuwa umekibana kitasa. Simamisha kuchaji kwanza kwenye gari au zima umeme kabla ya kuvuta.

Magari mengi yenye kitasa cha aina hii yana kamba au kishikizo cha dharura, ambacho huwa karibu na tundu, ndani ya boneti au kwenye buti. Kitabu cha gari kinaonesha kilipo. Usitumie nguvu wala nyundo. Kitasa kilichovunjika kinaweza kulifanya gari likatae kuchaji kabisa.

Dalili za kuungua: hapa simama

Sasa tunafika kwenye jambo linaloweza kuchoma nyumba.

Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Leaf za mwanzo zina betri ya kilowati-saa 24. Kwa kebo ya ampea 10, betri iliyokwisha itachaji kwa zaidi ya saa 10. Yaani unachomeka saa 1 jioni na ukiamka saa 12 asubuhi bado umeme unapita. Hakuna kifaa kingine katika nyumba nyingi kinachofanya kazi hiyo. Birika huzimika baada ya dakika chache.

Pini ikilegea, au soketi ikichoka, sehemu ndogo ya umeme hugeuka kuwa joto pale kwenye kiungo. Wati 50 tu za joto zinatosha kuleta hatari. Ni kama solda ya fundi redio ya kuyeyushia risasi, imeachwa ndani ya ukuta wako usiku kucha. Na joto hilo halipandi sambamba na umeme. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto la kiungo kibovu huongezeka mara nne. Kwa hiyo kuchaji kwa ampea chache ni salama zaidi kwenye nyaya za zamani, hata kama unasubiri zaidi.

Kagua plagi na soketi baada ya nusu saa ya kwanza. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima. Dalili nyingine ni plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, iliyoyeyuka au kuvimba. Pini nyeusi au zenye vidoti. Harufu ya samaki au ya plastiki kuungua. Na plagi inayocheza ndani ya tundu.

Ukiona moja kati ya hizo, usichaji tena, hata mara moja ya mwisho. Na usibadilishe upande mmoja pekee. Tundu lililoungua huharibu plagi mpya, na plagi iliyoungua huharibu tundu jipya. Vyote viwili vikaguliwe kabla ya kuunganishwa tena.

Moshi ukitoka, zima meni swichi ikiwa unaweza kuifikia salama, ondoa watu, kaa mbali na piga simu ya zimamoto. Kwa Tanzania ni namba 114. Usimwagie maji kitu ambacho bado kina umeme.

Ethi si mapambo

Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa ethi haujafungwa popote, au fimbo ya ethi ilizikwa kwenye mchanga mkavu miaka mingi iliyopita. Redio na taa hufanya kazi bila ethi, kwa hiyo hakuna anayejua. Kebo ya gari hujua. Inapima ethi, na isipoiona inakataa kuchaji na kuwasha taa nyekundu.

Wapo mafundi watakaokuambia, "Hilo dogo, tunaunganisha ethi na nyutro, itakubali." Kataa. Ukifanya hivyo, waya wa nyutro ukikatika, mwili mzima wa gari unaweza kupata umeme. Atakayeegemea mlango akiwa peku kwenye ardhi yenye unyevu ndiye atakayekuwa ethi. Mtoto hachagui pa kuegemea.

Ukihisi kutekenywa au kupigwa shoti ndogo unapogusa gari linalochaji, usiliguse tena. Zima kwenye meni swichi na ita fundi umeme mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, na kwa Kenya ni EPRA. Mwombe afanye mambo matatu: apime ethi kwa kifaa, avute waya wa peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme hadi soketi ya gari, na aweke kikata umeme kinachotambua uvujaji.

Ni vizuri pia kujua kwamba umeme mdogo, kama ule wa nyumba za mwisho wa laini jioni wakati kila mtu amewasha, unaweza kuifanya kebo ikatae au ikate katikati. Ikiwa gari linachaji saa 6 usiku lakini linakataa saa 2 usiku, tundu huenda halina kosa. Pima volti.

Mambo ya kuepuka

Usitumie ekstensheni ya dukani ya kawaida. Iliyoviringishwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu joto halina pa kutokea. Usikate plagi ya Kijapani na kufunga ya kwetu: umeme wa Japani ni wa volti 100 na 200, na kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya huko haikukusudiwa volti 230 au 240. Nunua iliyoandikwa volti 220 hadi 240. Usizoee kuchomoa ukutani wakati gari linachaji. Simamisha, chomoa kwenye gari, kisha ukutani. Wakati wa kuchaji, anza ukutani, malizia kwenye gari. Kebo isikanyagwe na gurudumu wala kuning'inia kwa uzito wake wote kwenye tundu.

Ukinunua gari lililotumika

Tundu ni sehemu ndogo ambayo wanunuzi hawaiangalii. Wanaangalia rangi, viti na matairi. Wewe fungua kifuniko mbele ya muuzaji. Mulika pini zote. Tafuta ukahawia, plastiki iliyoyeyuka na kutu ya kijani. Angalia kama kifuniko na mpira wake vimekamilika.

Kisha omba gari lichajiwe kwa angalau saa moja kwa kebo mtakayokabidhiwa, na asilimia ya betri iandikwe kabla na baada. Kama kuna kituo cha haraka karibu, jaribuni tundu kubwa pia. Muuzaji akisema, "Betri imejaa, hakuna haja," rudi siku nyingine ikiwa imepungua. Gari la umeme lisiloweza kuchaji halina tofauti na gari la petroli lisilo na tangi, na kubadilisha tundu pamoja na nyaya zake za ndani si kazi ya gereji ya kila kona.

Fundi yupi

Hapa kuna kazi mbili tofauti. Ukutani mpaka soketi ni kazi ya fundi umeme wa nyumba. Tundu, nyaya za rangi ya machungwa na chaja ya ndani ni kazi ya fundi aliyefunzwa magari ya umeme, mwenye glavu za volti kubwa na anayejua kutenganisha betri kabla ya kugusa. Muulize swali moja: "Kabla ya kufungua tundu, unaanzaje?" Akijibu kwamba anatenganisha betri kubwa, anasubiri na kupima kuhakikisha umeme umekwisha, endelea naye. Akijibu kwamba anachukua bisibisi, mshukuru na uondoke na gari lako, hata kama ni kwa kuvutwa.